Deni Letu kwa Ndaye

Sisi wapenzi wa Mazembe si wepesi wa kumsifu mtu wa Vita Club. Lakini kwa Ndaye Mulamba tuna deni. Mwaka 1974 alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika nchini Misri. Hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mashindano ya mwaka mmoja. Miezi michache baadaye, huko Ujerumani, Zaire ilipofungwa 9-0 na Yugoslavia, alitolewa kwa kadi nyekundu kwa sababu ya teke alilopigwa mwamuzi. Aliyelipiga ni Mwepu Ilunga, beki wetu, kwa kauli yake mwenyewe. Ndaye alitoka akilia. Hapa Lubumbashi Mwepu tunamsimulia kila mara, tena kwa kicheko. Ndaye, aliyefariki Afrika Kusini mwaka 2019, hatumtaji.