Bendera mbili, mtoto mmoja

Mwaka huu kaka yangu amerudi nyumbani Nanyala na binti yake wa miaka kumi. Mtoto amezaliwa na kukulia Kitwe, Zambia, na mama yake ni Mbemba wa Kasama. Kiswahili chake bado ni cha kuokoteza.

Siku ya kwanza shuleni bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaanza. Binti akafurahi, huo anaujua! Akaimba kwa sauti, mkono kifuani. Kumbe maneno yalikuwa ya Zambia. Wenzake walicheka hadi mstari ukavurugika. Akarudi analia: "Shangazi, wananiita Mzambia. Na kule waliniita Mtanzania."

Hakukosea sana. Nyimbo za mataifa haya mawili zina sauti moja, iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897.

Baba yake alitaka kumwamuru asahau mambo ya Zambia. Nikamkatalia. Jioni nilimpa binti daftari na kalamu za rangi, achore bendera zote mbili. Yetu ilianza mwaka 1964 baada ya Muungano: kijani ni ardhi na mimea, njano madini, bluu maji, nyeusi watu. Ya Zambia ni ya mwaka huohuo: kijani mimea, chungwa madini, nyekundu mapambano ya uhuru, nyeusi watu, na tai juu yake.

Akazitazama. "Shangazi, nyeusi iko kote."

"Ndiyo, mwanangu. Una bibi Nanyala na bibi Kasama."

Wazazi wenzangu, huku kwetu mpaka ni wa kuvuka tu. Tunduma na Nakonde wanaoana, wanauziana, wanazikana. Watoto wa namna hii wataendelea kuja. Tuwafundishe wimbo wetu na heshima ya bendera yetu, bila kuwadai waitupe ya kwanza. Na wanetu waliozaliwa hapa tuwaambie kwamba mgeni mstarini hachekwi, anafundishwa.

Akiwa mtu mzima, sheria ya Tanzania itamtaka awe na uraia wa nchi moja. Uamuzi huo una wakati wake. Kwa sasa anaimba akiosha vyombo, mara nyingine anachanganya maneno ya huku na kule. Simkatizi.