Mkono Unaofunza Kazi na Mkono Unaotoa Posho

Serikali yo yote ikusanyayo kodi hufika siku ikaulizwa swali moja na watu wake wenye ulemavu, nalo ni gumu kuliko lionekanavyo: je, fedha za umma zitumike kumfunza mtu huyo kazi, au kumtunza kwa sababu kazi haiwezi? Nchi ya Marekani ililijibu swali hilo mara mbili, kwa sheria mbili na ofisi mbili zilizo mbali mbali, na kwa muda wa karibu miaka 70 majibu hayo mawili yamekuwa yakivutana. Habari zake zafaa kujulikana hata na watu walio mbali na nchi ile, maana fedha hizo ni za mlipa kodi, na ulemavu haumpigii mtu hodi.

Jibu la kwanza lilitoka vitani. Mwezi wa Juni 1918, kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha, Rais Woodrow Wilson alitia sahihi sheria ya kuwafunza kazi askari waliorudi wamepoteza viungo vyao. Miaka miwili baadaye, Juni 1920, mafunzo ya namna hiyo yalifunguliwa kwa raia: watu waliokatwa mikono na mitambo ya viwanda, walioponda miguu migodini na kwenye reli. Serikali Kuu ilitoa nusu ya gharama, na kila jimbo likatoa nusu yake. Ilikuwa sheria ndogo, yenye fedha chache. Ilimhusu mwenye kilema cha mwili peke yake. Ililipa mafunzo na kumtafutia mtu kazi, lakini haikulipa daktari wala upasuaji. Mtu ambaye mguu wake ungenyoshwa kwa kisu cha mganga alifunzwa kazi ya kuketi, akabaki na mguu uliopinda.

Vita ya pili ndiyo iliyoufungua mlango zaidi. Mwaka 1943 viwanda vilikuwa na upungufu mkubwa wa wafanyakazi, na katika mwaka huo Bunge likakubali kwamba matibabu nayo yalipwe, na kwamba wenye maradhi ya akili na wenye upungufu wa akili wahesabiwe miongoni mwa wanaostahili. Huruma na haja ya vibarua zilikutana njiani zikafuatana. Na si mara ya kwanza duniani jambo jema kupita kwa sababu lina faida pia.

Tangu mwaka 1950 idara hiyo iliongozwa na mwanamke hodari sana, Mary Switzer, na mwaka 1954, chini ya Rais Eisenhower, fedha zake ziliongezwa mno. Hoja iliyowashinda wabunge ilikuwa ya hesabu: mtu aliyerudishwa kazini haombi tena msaada, bali yeye mwenyewe hulipa kodi, na baada ya miaka michache hurudisha zaidi ya kile alichogharimiwa. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na mwiba ndani yake. Afisa akipimwa kwa idadi ya mafaili aliyoyafunga kwa maneno "amepata kazi", ataanza na nani? Ataanza na kijana mwenye elimu aliyepoteza vidole viwili. Kipofu asiyejua kusoma, au mtu aliyepooza mwili wote, atangojeshwa hata achoke. Watu wa idara wenyewe walikuwa na jina la desturi hiyo: waliiita kuengua malai.

Katika siku hizo alikuwako kijana mmoja wa California, Ed Roberts. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 14, alishikwa na ugonjwa wa polio ukampooza karibu mwili wote. Usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Masomo yake ya sekondari aliyafuata kwa simu akiwa nyumbani. Alipotaka kwenda chuo kikuu, aliiomba idara ya jimbo lake ya kuwarudisha watu kazini imlipie masomo, kwa kuwa kazi ya idara hiyo ilikuwa ndiyo hiyo. Idara ilimkataa. Ilisemwa kwamba kumfikiria mtu kama yeye kuwa atapata kazi siku moja hakuwezekani.

Yafaa kuelewa kwamba katika jibu hilo sheria haikuvunjwa. Sheria ya wakati ule ilitaka ionekane kwanza kwamba mwombaji anaweza kuajiriwa ndipo fedha ya umma itolewe, na mzigo wa kuonyesha hivyo ulikuwa juu ya mwombaji. Habari zake zilipofika magazetini idara iligeuza uamuzi wake, na mwaka 1962 Roberts aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikaa katika hospitali ya chuo, kwa sababu mabweni hayakufaa kuwekwa mashine yake. Wengine wenye ulemavu mzito walimfuata, na mwaka 1972 kituo chao cha kusaidiana kuishi kwa kujitegemea kilianzishwa katika mji ule. Kisha mwaka 1975 Gavana Jerry Brown akatafuta mkurugenzi wa idara ile ile ya jimbo iliyomkataa. Akamteua Roberts, naye akaishika kazi hiyo mpaka mwaka 1983.

Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa imekwisha geuzwa. Rais Nixon aliikataa mara mbili, 1972 na tena 1973, akisema ni ya gharama kubwa mno. Mara ya tatu, Septemba 1973, akatia sahihi. Sheria hiyo iliamuru kwamba fedha zikiwa hazitoshi, wenye ulemavu mzito zaidi ndio watangulizwe. Kila mtu aandikiwe mpango wake mwenyewe, naye ashirikishwe katika kuuandika. Kifungu chake kimoja kifupi kilikataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu wake mahali po pote palipopokea fedha za Serikali Kuu. Kanuni za kifungu hicho zilicheleweshwa hata Aprili 1977, ndipo watu wenye ulemavu zaidi ya 100 wakaingia katika jengo la Serikali mjini San Francisco wakakaa humo wiki tatu na zaidi, mpaka kanuni zikatiwa sahihi. Na mwaka 1992 mzigo ukahama kabisa: tangu hapo hudhaniwa kwamba kila mwombaji anaweza kufaidika, na ni juu ya idara kuonyesha kwamba hawezi.

Hiyo ndiyo habari ya mkono wa kwanza. Mkono wa pili ulinyoshwa mwaka 1956, nao ni bima ya ulemavu. Mfanyakazi aliyekatwa mchango katika mshahara wake kwa muda uliotakiwa, kisha akapata ulemavu, hulipwa posho kila mwezi. Mwanzoni ilikuwa kwa waliotimiza umri wa miaka 50. Mwaka 1960 sharti hilo la umri likaondolewa. Mwaka 1974 likaongezwa fungu jingine la posho kwa wenye ulemavu walio maskini, hata kama hawakuwahi kuchangia. Mwaka 1970 waliolipwa bima hiyo kama wafanyakazi walikuwa karibu milioni 1.5. Mwaka 2014 walikaribia milioni 9, na tangu hapo idadi imekuwa ikipungua. Wataalamu wa uchumi wamebishana sana juu ya ongezeko hilo. Baadhi ya sababu zake ni wazi: watu waliozaliwa kwa wingi baada ya 1945 walifikia umri wa maradhi, wanawake wengi waliingia kazini wakapata haki ya bima, na sheria ya mwaka 1984 ilizuia watu kuondolewa ovyo katika orodha.

Sasa ugomvi wa mikono hii miwili uko hapa. Ili kupata posho, mtu hutakiwa kuthibitisha kwamba hawezi kufanya kazi yo yote yenye kipato cha maana. Huenda kwa daktari huyu na yule, hujaza fomu juu ya fomu, hukataliwa, hukata rufani. Wengine humaliza mwaka na zaidi wakijieleza kwamba hawawezi. Mwishowe hukubaliwa. Hapo ndipo ofisi ya pili humwita na kumwambia: njoo tukufunze, maana unaweza. Mtu wa shamba angesema ni sawa na kuazimwa jembe kwa sharti kwamba siku utakapoonekana unalima, jembe litachukuliwa.

Tena si posho tu inayoogopewa. Anayelipwa bima ya ulemavu hupata, baada ya miezi 24, bima ya matibabu ya Serikali. Na katika nchi ambayo siku chache za kulazwa hospitali zaweza kumfilisi mtu, bima hiyo huwa na thamani kuliko posho yenyewe. Kazi anayoahidiwa yaweza kuwa ya muda, ya mshahara mdogo, isiyo na bima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na anayekaa na posho yake haijui methali hiyo kwa Kiswahili lakini huifuata barabara. Kumwita mvivu ni kutojua hesabu.

Serikali ya Marekani haikuliona jambo hilo leo. Imejaribu kulitengeneza mara nyingi, na kila tengenezo limeongeza ukurasa katika kitabu cha kanuni. Mwenye posho ya bima aruhusiwa kujaribu kazi kwa miezi 9 bila kupunguziwa kitu. Baada ya hapo ana miezi 36 ambamo mwezi akipata mshahara mkubwa posho husimama, na mwezi mshahara ukishuka hurudi. Mwaka 2025 kipimo cha mshahara mkubwa kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, na kwa kipofu dola 2,700. Tangu mwaka 1981 idara za majimbo hurudishiwa gharama zao na mfuko wa bima pale tu mtu aliyefunzwa anapokuwa amefanya kazi ya maana kwa miezi 9. Hapo nyuma zililipwa kabla matokeo hayajaonekana. Kisha Desemba 1999 Rais Clinton alitia sahihi sheria ya tikiti: mwenye posho apewe tikiti, aipeleke kwa idara ya jimbo au kwa chama cho chote kilichokubaliwa kimsaidie kutafuta kazi, na chama hicho kilipwe kadiri mtu anavyoendelea kazini. Bima ya matibabu nayo ikaongezewa miaka kwa anayefanya kazi.

Mpango ulikuwa wa busara, na wako waliofaidika nao. Lakini wanaotoka katika orodha ya bima kila mwaka kwa sababu ya kupata kazi wamebaki chini ya mtu mmoja katika kila 100. Wengi wa walio katika orodha ni wazee na wagonjwa kweli, hawatarudi kazini kwa tikiti wala kwa ngoma. Waliobaki huogopa barua. Karani ye yote aliyewahi kushughulika na orodha za mishahara atafahamu: mtu hutoa habari kwamba amepata kazi, karatasi hukawia mahali fulani, posho huendelea kuingia miezi na miezi, kisha siku moja hupokea barua ya kudaiwa maelfu ya dola alizokwisha kula. Jirani mmoja akipata barua hiyo, majirani 10 huziweka tikiti zao sandukuni.

Kwa sababu hiyo macho yamegeuzwa kwa vijana, kabla hawajaingia katika orodha hata kidogo. Sheria ya mwaka 2014 iliamuru kwamba asilimia 15 ya fedha ambazo Serikali Kuu huzipa idara za majimbo zitumike kwa wanafunzi wenye ulemavu, ili waonje kazi wangali shuleni. Ilizuia pia vijana kupelekwa moja kwa moja kwenye karakana za pekee, ambako kwa ruhusa ya sheria ya mwaka 1938 mwenye ulemavu huweza kulipwa chini ya mshahara wa kima cha chini. Mwaka 2001 waliolipwa hivyo walikuwa zaidi ya 400,000. Kufikia 2019 walikuwa karibu 120,000.

Fedha hizo za idara ni zaidi ya dola bilioni 3 kila mwaka. Serikali Kuu hutoa asilimia 78.7, jimbo asilimia 21.3. Hata hivyo yako majimbo yasiyotoa sehemu yao yote, fedha za Serikali Kuu zikabaki bila kuchukuliwa, huku watu wakiandikwa katika orodha ya kungojea: wenye ulemavu mzito kwanza, kama sheria ya 1973 ilivyotaka, na wengine wakae.

Kwa wale wa fungu la maskini liko sharti jingine, ambalo mkulima mwenye akiba kidogo atalishangaa. Asiye na mume au mke haruhusiwi kuwa na mali ya kuhesabiwa inayozidi dola 2,000, nyumba anayokaa isihesabiwe. Kiasi hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1989. Sheria ya mwaka 2014 ilifungua namna ya akaunti ambamo mwenye ulemavu aweza kuweka zaidi bila kupoteza posho, lakini kwa yule tu aliyepata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 26. Na tangu Januari 2026 umri huo umepandishwa kuwa miaka 46. Aliyeanguka kutoka juu ya paa akiwa na miaka 50 hahusiki. Kikomo chake ni zile dola 2,000.