Funga, Mazoezi na Usafi wa Seli

Kila Ramadhani inapokaribia husikika kauli kwamba funga husafisha seli za mwili. Wapo wanaoipokea kauli hiyo hadi wakaacha kutembea, na wengine hata kumeza dawa zao. Yafaa tuielewe habari hii kama ilivyo, bila kuitia chumvi.

Seli ya mwili huchakaa. Protini zake huharibika, na mitokondria, yaani vinu vidogo vya kuzalisha nishati, huzeeka. Seli huvifunga vitu hivyo ndani ya kifuko, kisha kifuko huungana na lisosomu yenye vimeng'enya vikali, navyo huvivunjavunja viwe malighafi ya kujengea vipya. Kazi hii huitwa otofajia, jina alilolibuni mwanasayansi Mbelgiji, Christian de Duve, mwaka 1963. Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyezichunguza jeni zake katika hamira, alitunukiwa Nobel ya Tiba mwaka 2016.

Kazi hiyo hupungua tunaposhiba. Nishati inapopungua ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho AMPK huihimiza. Nao msuli unaofanya kazi hutumia nishati kwa kasi. Mwaka 2012, watafiti wa Texas, akiwemo Beth Levine, walionesha kuwa panya waliokimbizwa kwenye mashine waliongeza otofajia katika misuli na viungo vingine. Panya walioondolewa uwezo wa kuiongeza walichoka mapema, na mazoezi hayakuwakinga ipasavyo na madhara ya mlo wa mafuta mengi.

Je, ukali wa zoezi una uzito? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha wanamichezo walioendesha baiskeli kwa saa 2, baadhi kwa nguvu ndogo na wengine kwa nguvu kubwa, mara wakiwa wamekula na mara wakiwa na njaa. Vipande vidogo vya msuli wa paja vilipopimwa, ilidhihirika kuwa ukali wa zoezi uliichochea otofajia kuliko hali ya njaa. Kwa hiyo anayefunga kisha akashinda amelala asidhani kuwa msuli wake umepata kila kitu.

Hata hivyo, wale walikuwa wanamichezo wachache waliozoea. Mzee wa miaka 60 asiwaige kwa siku moja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kipimo chepesi ni pumzi: katika zoezi la wastani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, katika zoezi kali, maneno machache tu hukulazimisha kuvuta pumzi. Anza na la wastani, kisha ongeza taratibu. Akina mama na mabinti wasisahauliwe katika jambo hili.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge amwone daktari wake kabla ya Ramadhani, kwani njaa na zoezi kali kwa pamoja vyaweza kuishusha sukari kwa hatari. Asiache dawa kwa kutegemea usafi wa seli.

Funga tunaifunga kwa ajili ya Mola wetu. Haihitaji kutetewa kwa madai ya maabara. Mwili nao ni amana, na amana hutunzwa kwa elimu.