Nyongeza Kabla ya Fungu

Sokoni, mnunuzi hupimiwa kwanza fungu lake, ndipo aombe nyongeza. Mjadala wa chanjo ya nyongeza dhidi ya UVIKO-19 uliipindua kanuni hiyo.

Mnamo Agosti 2021, Shirika la Afya Duniani liliyasihi mataifa tajiri yasitishe nyongeza kwa muda ili maskini wapate dozi za kwanza. Israeli ilikuwa imekwisha kuanza kuwachanja wazee mara ya tatu. Marekani nayo ikafuata. Kenya ilikuwa imepokea shehena yake ya kwanza, dozi zipatazo milioni moja, mwezi Machi mwaka huohuo.

Watetezi wa nyongeza wana hoja: kinga hufifia miezi ipitapo, na wazee ndio waathirikao zaidi. Hoja hiyo haipingiki. Lakini je, kijana mwenye afya njema apewe dozi ya tatu ilhali muuguzi wa nchi nyingine hajapata hata moja? Aidha, kirusi hubadilika kinapozaliana. Kadiri kinavyoenea, ndivyo aina mpya zinavyopata nafasi ya kuzuka. Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitambua Omikroni, wakautahadharisha ulimwengu. Shukrani waliyopata ni nchi zao kufungiwa safari za ndege.

Wahenga walinena: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni maoni yetu kwamba janga lijalo likizuka, wazee na wahudumu wa afya wa kila nchi wapate fungu lao kwanza. Nyongeza na ije baadaye.