Uzamivu si Joho Tu

Mwandishi aliyedai kuwa uzamivu katika uongozi wa elimu ni joho la kujipamba amekosea. Nimekaa ofisini kwa mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi nchini Tanzania: madawati mabovu yamerundikwa dirishani, naye anagawanya ruzuku, ambayo kisera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kati ya chaki, mitihani na ukarabati. Uzoefu ulimfundisha kubana matumizi. Haukumwonyesha kwa nini, michango ya wazazi ilipofutwa mwaka 2016, madarasa yake yalifurika na walimu wakabaki walewale. Swali hilo linataka mtu alikalie miaka, na hiyo ndiyo kazi ya uzamivu. ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu kule Bagamoyo, inawafunza wakuu wa shule. Nani atawafunza wakufunzi wake? Wasaka vyeo wapo, sikatai. Tasnifu zao zikataliwe, mlango usifungwe.