Gauni la Harusi Si Pazia la Kiti Mwendo

Mwanamke anayetumia kiti mwendo akitangaza kwamba anaolewa, ushauri kuhusu gauni humfikia kabla kamati ya harusi haijakaa kikao cha kwanza. Mashangazi watasema, wenye maduka watasema, wapiga picha nao watakazia: chukua gauni pana, neti nyingi, ndani weka sketi yenye ringi, limwagike hadi chini kiti kisionekane. Kwa zile picha muhimu tutakusimamisha kidogo, utashikiliwa huku na huku. Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi, ndiyo maana ni mgumu kuukataa. Lakini ni mbaya. Unaharibu gauni, unaweza kuuumiza mwili, na umejengwa juu ya dhana kwamba uzuri wa bi harusi huonekana akiwa amesimama tu.

Tuanze kwa fundi. Gauni refu hukatwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama: kutoka kiunoni hadi sakafuni, mbele na nyuma karibu sawa. Aliyelivaa akikaa, hesabu yote inavurugika. Kitambaa cha mbele kinakosa pa kwenda, kinajikusanya tumboni. Upindo unapanda na kuacha miguu nje. Nyuma, kile kilichokusudiwa kuangukia visiginoni kinageuka furushi la kukalia. Ringi ndiyo balaa zaidi: ukiikalia, upande wa nyuma unabanwa, wa mbele unainuka, na bi harusi anabaki kuukandamiza kwa mikono sherehe nzima. Mikono hiyo ndiyo inayosukuma kiti.

Halafu kuna magurudumu yenyewe. Yale madogo ya mbele hugeuka kila upande, na neti inayoburuzika ikiingia pale kiti kinakwama papo hapo. Mkia wa gauni na veli ndefu hunaswa na matairi ya nyuma. Mikono mipana ya lesi husugua tairi kila anaposukuma, na kabla hajafika madhabahuni imeshakuwa na mstari mweusi. Kwa hiyo gauni lililochaguliwa ili kukificha kiti ndilo linaloufanya ukumbi mzima ukitazame, maana kila baada ya hatua chache matroni anainama kuchomoa kitambaa.

La mwili ni zito zaidi. Magauni mengi ya harusi hupambwa mgongoni: vifungo vya lulu vilivyopangwa hadi chini ya kiuno, zipu nene, mshono wenye shanga. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza asihisi chochote sehemu hiyo. Kifungo kitamkandamiza kuanzia kanisani hadi keki inapokatwa bila yeye kujua, na kidonda cha mgandamizo kinachoanza hivyo kinaweza kuchukua wiki au miezi kupona. Mikunjo ya kitambaa anachokikalia huleta madhara hayohayo. Satini nayo huteleza, na asiye na nguvu ya kiwiliwili atakuwa akishuka mbele kitini kila mara. Koseti ngumu iliyochorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama humchoma mapajani na kumbana mbavu akikaa.

Dawa ya haya yote fundi anaijua, hajaulizwa tu. Apime mteja akiwa ndani ya kiti chake mwenyewe. Mbele, kipimo kitoke kiunoni, kipite juu ya magoti, kishuke hadi pale miguu inapokanyaga. Nyuma, sketi iishie kwenye kikalio, bila mapambo wala mshono mnene wa kukaliwa. Zipu ihamie ubavuni au mbele, ili kuvaa na kwenda msalani kusiwe shughuli ya watu wanne. Blauzi na sketi mbali mbali hurahisisha zaidi. Mikono iishie kwenye kiwiko au ibane hadi kifundoni. Veli isipite kiuno. Kisha lesi, shanga na ufundi wote vipelekwe kifuani, shingoni na mabegani, kwa sababu aliyeketi hutazamwa hapo kwanza.

Wapo watakaosema gauni la namna hiyo si la harusi. Bi harusi ni wa kusimama. Anasimama lini? Tazama harusi yoyote ya Dar es Salaam. Ukiondoa kuingia, viapo, keki na muziki, bi harusi yuko meza kuu, ameketi saa nyingi, na hata yule mwenye miguu mizima utamwona akivuta koseti na kutafuta pumzi. Na ukienda Lamu, Mombasa au Unguja, siku ya kupamba bi harusi huketishwa juu ya jukwaa lililopambwa, hina mikononi na miguuni, dhahabu shingoni, na wanawake wakaja kumtazama. Kuketi kwake ndiyo heshima yenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia ainuke ili uzuri wake uonekane. Hata gauni jeupe tunalolilinda kama urithi wa mababu lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka 1840. Desturi iliyopokelewa juzi haiwezi kushindwa kubadilisha mshono.

Hoja ya fedha ina uzito. Wengi wetu hukodi, na mwenye duka haruhusu mkasi uguse gauni lake. Tena maduka mengi yako ghorofani, na chumba cha kujaribia ni pazia kwenye kona, kiasi kwamba mdogo wake bibi harusi hutumwa akajaribu kwa niaba yake. Lakini hiyo ni sababu ya kutolipia lile gauni pana, kwa kuwa neti na ringi ndizo zinazopandisha bei. Sketi nyembamba isiyo na mkia inakula kitambaa kidogo, na fundi wa mtaani anaiweza. Anayetaka kukodi na akodi, ila gauni liletwe alipo, alijaribu akiwa kitini, akisukume na kugeuka nalo. Likimshinda sebuleni, ukumbini litamshinda zaidi.

Kuhusu picha, tatizo ni mpiga picha anayesimama wima na kumpiga aliyeketi kutoka juu. Apige goti. Bwana harusi avutiwe kiti akae pembeni ya mkewe, na picha itatulia kuliko ile ya mtu aliyeinuliwa kwapani, macho yakiwahofia wanaomshikilia.

Simaanishi kwamba gauni pana ni haramu. Kama bi harusi mwenyewe ndilo alilolitamani tangu utotoni, ashonewe, upana ukae mbele na uzuiwe pembeni na kinga za matairi, ringi ikiachwa dukani. Ninachopinga ni gauni linalochaguliwa na wengine kwa sababu wao wanakionea haya kiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 23 haki yao ya kufunga ndoa na kujenga familia. Haki hiyo haina sharti la kujificha. Kiti kilichompeleka chuoni, kazini na kwenye miadi ya uchumba kitampeleka pia kwenye maisha ya ndoa kesho yake asubuhi. Mume anakijua, wakwe wanakijua. Basi mashangazi wakifika na ushauri wao, waulizwe jambo moja: hilo gauni mnalolisifu, mmeliona likiwa limekaliwa?