Mtoto hakuanguka, anacheza échecs



Juma hili tunawaletea kicheko, na ndani ya kicheko kuna neno. Tuanze na kicheko.

Mwaka wa masomo uliopita tuliwafundisha watoto wa darasa letu la sita mchezo wa sataranji. Feza za kununua ubao wa dukani hazikuwepo. Tulichukua katoni, tukachora vyumba 64, vyeupe na vyeusi, na watoto wakaokota vizibo vya chupa: vya limonade upande mmoja, vya bia upande wa pili. Vya bia vilipatikana haraka zaidi, na hatukuuliza vilitoka kwa baba ya nani. Kisha tukawaandikia wazazi kibarua kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ya shule, kwamba mtoto wao amechaguliwa kwa « les échecs ».

Hapo ndipo tulikosea. Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, mama mmoja alikuwa mlangoni. Kitenge amekikaza kiunoni, binti yake amemshika mkono.

« Mwalimu, mtihani wenyewe bado haujafika, na wewe umeshamchagulia mtoto wangu échec? »

Tulimweleza kwamba Kifaransa kina neno moja kwa mambo mawili: kushindwa, na mchezo huu wa wafalme. Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akasema: « Basi nifundishe na mimi, nijue ni nini kinamlia mtoto wangu muda. »

Tulimfundisha jioni ile ile. Tulidhani itatuchukua mwezi. Alishika yote kabla ya jua kuzama, kwa sababu, alivyosema, watu hawa wote anawajua.

Tulimwonyesha mfalme. Anatembea chumba kimoja tu, hata kama ana haraka, na wengine wote kazi yao ni kumlinda. « Huyu ninaishi naye, alisema. Kutoka kiti mpaka meza, kutoka meza mpaka kiti. »

Tulimwonyesha malkia, anayekwenda mbele, nyuma, pembeni na kona kwa kona, mbali anavyotaka. Soko, shamba, kituo cha afya, kanisa, mkutano wa wazazi. Tukamwambia kwamba zamani, huko India na Uajemi mchezo ulikotokea, kete hii haikuwa mwanamke. Ilikuwa mshauri wa mfalme, na ilitembea chumba kimoja tu kwa kona. Watu wa Ulaya ndio waliigeuza kuwa malkia, na ni mwishoni mwa karne ya 15 ndipo wakampa ruhusa ya kwenda mbali. Mama akajibu: « Walichelewa kuona. Alikuwa anatembea siku zote. »

Mnara huenda moja kwa moja, haupindi. Akasema huyo ni mama mkwe: akishaamua, ondoka njiani. Kete ambayo Kifaransa kinaiita « fou », yaani mwenda wazimu, yenyewe huenda kwa kona tu. Huyo ni shemeji anayekuja kukopa. Ataanza na mvua, atapita kwa afya ya mbuzi, ataulizia watoto wote kwa majina, na neno la feza utalisikia akiwa ameshasimama kuaga. Farasi naye huruka juu ya wengine: vyumba viwili mbele, kimoja pembeni. Hapo hatukuhitaji kueleza. Ni motari wa Bukavu saa ya foleni.

Kuna pia sheria inayosema kwamba ukigusa kete yako, lazima uicheze. « Kama nyanya za Kadutu, alisema. Ukiziminya tu, umeshanunua. »

Na kuna sheria ambayo mfalme anajificha pembeni, na mnara unasimama karibu naye kumkinga. Inaruhusiwa mara moja tu katika mchezo. Mama alitikisa kichwa. Kwake, alisema, inachezwa kila mwisho wa mwezi: mwenye deni anapiga hodi, mfalme anaingia chumba cha nyuma, mtoto anasimama mlangoni na kusema « Baba hayuko. »

Tulibakiwa na pioni, wale askari wadogo wanane wa mstari wa mbele. Wanatangulia mbele ya wote, kwa kawaida chumba kimoja kimoja, na hawarudi nyuma kamwe. Mchezaji akibanwa, hao ndio wa kwanza kutolewa ili wakubwa wapone. Lakini pioni akifika mwisho wa ubao, anabadilika. Anaweza kuwa malkia. Mfalme hana bahati hiyo. Akianza mfalme, anamaliza mfalme.

Mama hakufanya mzaha juu ya pioni. Alikigeuza kile kizibo mkononi, akakirudisha, akaenda kupika.

Mwezi wa saba alirudi, safari hii peke yake. Binti yake alikuwa amefaulu, na vizuri. Ninyi mnajua mambo yalivyo: tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini darasa la saba linataka minervali, na sare, na madaftari, na kiti wakati mwingine. Kaka wa binti yuko humanités. Mama alituambia, bila kututazama, kwamba mmoja atabaki. Binti atauza sambaza mwaka mmoja, miwili, kisha wataona.

Sisi walimu tuna ugonjwa wa kueleza. Tulitoa katoni yetu. Tulimwekea pioni mahali pake pa kuanzia, tukahesabu pamoja naye vyumba mpaka mwisho. Ni sita. Tukahesabu tena: la saba, la nane, na miaka minne ya humanités. Ni sita mpaka diploma ya Serikali. Tukamwambia: « Mama, binti yako ndiyo kwanza amesimama kwenye mstari. Unamtoa kabla hajasogea. »

Alitutazama sasa. « Mwalimu, pioni yako haili. Haivai sare. Na haijawahi kuumwa malaria usiku. »

Wamama, hatukuwa na jibu. Mchezo ni mchezo, na nyumba ni nyumba. Kwenye ubao hakuna mtu anayelala njaa kwa sababu umemlinda mdogo.

Baadaye aliuliza kwa sauti ndogo: « Na umeona wapi pioni aliyefika, si kwenye katoni? »

Tulimtajia wawili. Wa kwanza ni jirani yetu wa Uganda, Phiona Mutesi, wa mtaa wa Katwe mjini Kampala. Mama yake alikosa feza za shule, binti akaacha masomo, akawa anauza mahindi. Siku moja aliingia mahali watoto walipokuwa wakifundishwa sataranji na Robert Katende, na kilichomvuta kwanza kilikuwa uji. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi, mwaka 2016 ikatoka sinema ya maisha yake, na baadaye akasoma chuo kikuu Marekani.

Wa pili alikuwa karibu zaidi. Ni sisi wenyewe. Nyumbani tulikuwa wasichana wanne, sisi wa mwisho, na baraza la wajomba lilishakata shauri kwamba wa mwisho atabaki na mama. Mama yetu aliuza makala miaka yote ile mpaka tukamaliza ISP. Mikono yake haijawahi kuwa safi kabisa siku ya sikukuu. Yeye alikuwa malkia, na alitumia nguvu zake zote kusimama nyuma ya pioni mmoja.

Hatutasema kwamba maneno yetu yalimgeuza. Kilichobadilisha mambo ni likelemba yao. Alipeleka shida yake siku ya mkutano. Zamu haikuwa yake, lakini mwenzake mmoja, ambaye sanduku lilikuwa lake juma lile, alimwachia zamu. Tranchi ya kwanza ikalipwa. Na nyumbani kulikuwa na badiliko dogo ambalo kwetu ni kubwa: beseni la sambaza sasa ni la watoto wawili. Jumamosi kaka anauza, dada anasoma. Wenzake walimcheka majuma mawili, kisha wakachoka.

Binti yuko la saba. Amesogea chumba kimoja, vimebaki vitano. Tranchi ya pili inadaiwa, na hatujui itatoka wapi.

Ndiyo maana tunaandika sasa, hatungoji mwezi wa tisa. Mkikutana juma hili, kabla sanduku halijafungwa, ulizaneni: nani ana binti darasa la sita mwaka huu? Andikeni majina. Hesabuni ni wangapi. Mkianza kuweka kidogo kidogo leo, mwezi wa tisa hautawakuta mikono mitupu, na mama hatakuja peke yake kwa mwalimu akiwa ameshachagua nani abaki. Katika mchezo wenyewe, pioni anayekwenda peke yake huliwa. Anayefika ni yule mwenye mwenzake nyuma.

Yule mama bado anapita shuleni siku za jioni, akitoka soko, kucheza kidogo kabla ya kwenda kuwasha moto. Haruhusu tuzungumze. Mwezi huu ametushinda mara tatu, mbele ya watoto.

Sasa mwenye échec ni mwalimu.